Ithibati tumepata. Wanafunzi nao wamejifunza? (Uzi mrefu)

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam kwenu. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka apite, tutakutana kwenye nyuzi za mpira.

Nafundisha takwimu chuo kikuu. Mara mbili nimetwishwa zigo la kuratibu ripoti ya kujitathmini wakati programu yetu inahuishiwa ithibati, yaani kibali rasmi kwamba inakidhi viwango vya ubora. Waliowahi kulibeba wanajua lilivyo. Miezi michache kabla jopo la wakaguzi halijafika, idara nzima inasahau kufundisha. Muhtasari wa kozi ambao haujaguswa miaka mitano unakarabatiwa usiku kwa usiku. Kumbukumbu za vikao zinasakwa kwa watu waliokwisha kustaafu. Lile jedwali la kuonyesha kozi ipi inabeba lengo lipi linajazwa tiki na mtu mmoja aliyejifungia ofisini, bila kumuuliza anayefundisha kozi yenyewe. Mara ya kwanza mtu huyo alikuwa mimi.

Tulipita. Lakini kuna swali lilinikaba hadi leo. Mjumbe mmoja wa jopo, mama mtu mzima, mpole sana, alifungua jalada letu la upimaji akasoma kimya kimya, kisha akasema: "Mwalimu, naona mwaka juzi mliandika wanafunzi wenu ni dhaifu kwenye kutafsiri matokeo ya uchambuzi. Mwaka jana mkaandika hivyo hivyo. Mwaka huu tena. Mlifanya nini?"

Nikamwambia taarifa iliwasilishwa kwenye kikao cha idara.

"Na kikao kikaamua nini?"

Nikafunua kumbukumbu. Zimeandikwa: kikao kilipokea taarifa.

Mama wa watu akatabasamu, akaandika kitu kwenye daftari lake, tukaendelea na mambo ya maktaba. Nilitamani anigombeze.

Ndipo nilipoanza kuielewa ithibati upya. Zamani ilikuwa kazi ya kuhesabu vitu: vitabu vingapi, kompyuta ngapi, wenye udaktari wangapi, saa ngapi za maabara. Hayo bado yanaangaliwa, na ni haki, huwezi kufundisha kemia bila maabara. Ila swali kuu limehama. Wahandisi ndio walioonja mabadiliko haya mapema. ABET ya Marekani, inayotoa ithibati kwa programu za uhandisi na ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1932, katikati ya miaka ya 1990 ilipitisha vigezo vilivyojulikana kama EC2000. Badala ya kukuuliza umefundisha nini, vikakuuliza mhitimu wako anaweza kufanya nini, kwa matokeo 11 ya kujifunza yaliyopangwa kwa herufi. Na vikadai uonyeshe kwamba unachokipata kwenye upimaji unakitumia kurekebisha programu. Ulaya nao, kwenye viwango vyao vya ubora vya mwaka 2005 vilivyopitiwa upya 2015, wakaweka kiwango kizima cha ufundishaji na upimaji unaomweka mwanafunzi katikati.

Sasa hapo kwenye "kutumia kurekebisha" ndipo tunapokwama karibu wote, na si sisi wa idara yangu tu. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Marekani, Trudy Banta na Charles Blaich, walirudi kuangalia maelezo 146 ya upimaji mzuri ambayo vyuo vyenyewe viliyapeleka, yaani vilijichagulia kazi vinazojivunia. Walitafuta ni wangapi wanaonyesha kwamba baada ya kupima na kubadilisha kitu, wanafunzi walijifunza zaidi. Wakapata asilimia 6.

Asilimia sita ya waliojipeleka wenyewe! Sisi wa "kikao kilipokea taarifa" sijui tungewekwa kundi gani.

Naomba tulijadili hili bila kutupiana lawama. Nimeleta uzi kwa sababu mara ya pili tulijaribu kitu tofauti, nitakieleza. Lakini kwanza nataka kusikia wengine.

#2 Pepa Gumu

Naweka kambi hapa. Mimi ni mwanafunzi mwaka wa tatu, swali langu la kishamba: si mna alama zetu? Mtu akipata A amejifunza, akila sapu hajajifunza. Hilo jalada lingine la upimaji la nini?

#3 Mleta uzi

Si la kishamba hata kidogo mdogo wangu, maprofesa wanaliuliza kila siku na hasira juu.

Chukua wanafunzi wawili kwenye somo langu, wote wana 62. Wa kwanza anakokotoa kama mashine, ila ukimwambia "haya, niambie majibu haya yana maana gani kwa mtu aliyekuajiri" anakuandikia fomula tena. Wa pili anaeleza vizuri mpaka unafurahi, lakini hawezi kuchagua kipimo cha takwimu kinachofaa. Kwenye rejista hao ni mapacha. Mimi nikikaa na wastani wa darasa, 62, nirekebishe nini? Sijui. Hapo alama imeniambia nani apite, haijaniambia nifundishe nini muhula ujao.

Ongeza na mahudhurio yaliyochanganywa humo, ongeza alama za kazi ya kikundi ambayo mmoja kafanya na wanne wameandika majina. Ukiichambua 62 hiyo, ujuzi wenyewe umebaki kiasi gani?

Kwa hiyo hatutupi alama, tunazivunja. Swali la 3 lilipima kuchagua kipimo, swali la 4(b) lilipima kutafsiri. Hesabu darasa zima lilifanyaje kwenye 4(b) peke yake. Mtihani ni ule ule, usahihishaji ni ule ule, ni kuongeza safu moja tu kwenye jedwali lako.

#4 Chaki na Vumbi

Mleta uzi, nakuheshimu, ila mimi naona ithibati ni mradi wa makaratasi na hiki unachokisema ni makaratasi yenye sura nzuri.

Nina wanafunzi 400 kwenye kozi moja. Wasaidizi wawili. Ofisi ya udhibiti ubora ilituletea fomu yenye matokeo 14 ya programu, tuyapime yote kila muhula, kila kozi. Unajua tulifanya nini? Tulijaza. Kila mtu aliandika "lengo limefikiwa kwa asilimia 80" kwa sababu kizingiti kilikuwa 75 na hakuna anayetaka kuitwa kueleza kwa nini yuko 60. Mwaka uliofuata mwenzetu mmoja mkweli akaandika 55, akaambiwa andaa mpango wa kujirekebisha. Hakurudia tena ukweli.

Na maswali nayo yakaanza kulainika. Ukitaka wanafunzi wafikie lengo, lishushe lengo. Rahisi kabisa.

#5 Mleta uzi

Hapa umenigonga pabaya, na sina la kubisha. Kuna kanuni inayotajwa sana kwa jina la mchumi wa Uingereza, Charles Goodhart: kipimo kikigeuka kuwa shabaha, kinaacha kuwa kipimo kizuri. Huyo mwenzenu aliyeandika 55 ndiye pekee aliyekuwa amefanya upimaji, na ndiye aliyeadhibiwa.

Msimamo wangu ni kwamba takwimu za kujifunza kwa wanafunzi zisiguse kabisa jalada la kupandisha cheo la mwalimu. Zikigusa, basi, mmeua. Na matokeo 14 kila muhula ni adhabu. Sisi sasa tunapima mawili kwa mwaka, mengine yanasubiri zamu yao. Jopo lililokuja mara ya pili halikulalamika hata kidogo. Waliolalamika ni ofisi yetu wenyewe.

#6 Kani na Mwendo

Nafundisha fizikia. Wakuu, kwenye hili sisi tuna kisa ambacho kila fani ingestahili kuwa nacho.

Mwaka 1992 watafiti wa Marekani, Hestenes, Wells na Swackhamer, walichapisha jaribio fupi la maswali ya kuchagua, karibu 30, kuhusu kani na mwendo. Hakuna hesabu ndani yake. Swali linakuwa la aina hii: lori kubwa limegongana uso kwa uso na gari dogo, nani kamsukuma mwenzake kwa kani kubwa zaidi? Mtoto yeyote atakwambia lori. Newton anasema ni sawa kwa sawa, na kila mwanafunzi wa fizikia anaikariri sheria hiyo ya tatu mpaka ndotoni. Walipopewa jaribio, wengi waliofaulu mitihani migumu ya kukokotoa wakajibu lori.

Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, ameeleza mara nyingi yaliyomkuta. Alidhani wanafunzi wake watalicheka jaribio lile kwa urahisi wake. Mmoja akanyoosha mkono akauliza: nijibu kama ulivyotufundisha, au kama ninavyofikiri mimi mwenyewe? Mkuu, swali hilo linatosha kukunyima usingizi. Maana yake mtoto ana vichwa viwili, kimoja cha mtihani na kimoja cha kuishi nacho.

Mazur hakuandika "kikao kilipokea taarifa". Alibadilisha darasa. Anafundisha kidogo, anatupa swali la dhana, kila mtu anajibu peke yake, kisha wanabishana na jirani na kujibu tena.

Halafu mwaka 1998 mwanafizikia Richard Hake akakusanya matokeo ya kozi 62, wanafunzi 6,542, waliojaribiwa mwanzoni na mwishoni. Kozi 14 za mhadhara wa kawaida zilipata wastani wa ongezeko la 0.23. Yaani katika kile ambacho wanafunzi hawakukijua walipoingia, waliondoka na chini ya robo. Kozi 48 ambazo wanafunzi walishirikishwa kubishana na kufanya zilipata 0.48. Ni mara mbili. Ndani ya hao wa mhadhara wa kawaida kulikuwa na walimu wazuri kabisa wa kuongea, na haikusaidia.

Ninachotaka kusema: yote hayo yaliwezekana kwa sababu walipima MWANZO na mwisho. Vyuo vingi vinapima mwisho tu. Mwanafunzi aliyekuja anajua na kuondoka anajua, unajisifia kwa lipi?

#7 Pepa Gumu

Ngoja nijaribu hilo la lori kwa wenzangu hapa bwenini.

Nimerudi. Saba kati ya tisa wamesema lori. Wawili wamesoma fizikia, mmoja wao yuko kwenye saba.

#8 Mshika Rejista

Mimi niko upande wa mitihani. Nichomekee kitu kimoja ambacho wahadhiri hampendi kusikia: mnasahihisha tofauti.

Jambo hili limejulikana zaidi ya karne. Mwaka 1912 watafiti Starch na Elliott walipeleka nakala za karatasi mbili zile zile za mtihani wa Kiingereza kwa walimu wengi wa sekondari, kila mmoja asahihishe kivyake. Karatasi moja ilipata alama kuanzia 64 mpaka 98. Ya pili, kuanzia 50 mpaka 97. Karatasi moja! Ukisema Kiingereza kina mambo ya ladha, mwaka uliofuata walimu wa hisabati wakapewa ya jiometri, ikawa mbaya zaidi.

Kwa hiyo ukiniletea ripoti kwamba uandishi wa wanafunzi umepanda kutoka mwaka jana, swali langu la kwanza ni nani alisahihisha mwaka jana.

#9 Mleta uzi

Ahsante, na hili lilitutesa kweli. Tulipoanza, tulichukua ripoti za miradi ya mwaka wa mwisho tukaunda rubriki, jedwali la vigezo linaloeleza kazi dhaifu inafananaje, ya wastani inafananaje, nzuri inafananaje. Tukajiona tumemaliza. Watu wanne tukasahihisha ripoti moja kila mtu chumbani kwake, tukakutana. Mmoja ameiweka "nzuri", mwingine "dhaifu", kigezo ni kile kile, "anatafsiri matokeo kwa usahihi".

Tulibishana saa mbili nzima. Kumbe mmoja wetu kwake kutafsiri ni kusema matokeo yana maana kitakwimu au hayana. Mwingine kwake hiyo bado si tafsiri mpaka useme tofauti ni kubwa kiasi gani na kama ina uzito wowote kwa mtu wa kawaida. Miaka yote tulikuwa tunafundisha wanafunzi wale wale, na hatujawahi kukubaliana neno "kutafsiri" lina maana gani. Wanafunzi wangejuaje?

Nakwambieni, saa mbili zile zilikuwa na faida kuliko ripoti nzima ya kurasa 200. Nikiambiwa nichague kitu kimoja tu cha kubaki nacho katika mchakato wote wa ithibati, nachagua hicho: walimu wanne, karatasi moja, mlango umefungwa, ubishi.

#10 Mwanafunzi wa Jioni

Mnasahau upande wetu. Mimi nasoma huku nafanya kazi. Kazi niliyoikabidhi wiki ya nne nilirudishiwa muhula umeshaisha, imeandikwa 58 na neno "jitahidi". Nijitahidi wapi? Kozi yenyewe haipo tena. Huo nao unaitwa upimaji wa kunisaidia nijifunze?

#11 Kani na Mwendo

@Mwanafunzi wa Jioni, hapo una haki kabisa. Na hata angekuandikia maelezo mazuri karibu na ile 58 bado kuna walakini. Mtafiti Ruth Butler mwaka 1988 aligawa wanafunzi wa shule makundi matatu: wengine walirudishiwa alama tu, wengine maoni tu, wengine vyote viwili. Waliopata maoni peke yake ndio walioendelea kupanda na kubaki na hamu. Kundi la vyote viwili halikufaidi maoni yale, alama iliyameza. Mtu akiona 58 anatazama jirani kapata ngapi, basi, kurasa imefungwa.

Mimi sasa narudisha kazi na maoni bila alama, wiki moja baadaye natoa alama. Mwanzoni walitaka kuandamana.

#12 Chaki na Vumbi

400, mkuu. Mia nne. Maoni kwa kila mmoja nitayaandika lini?

#13 Kani na Mwendo

Usiandike kwa kila mmoja. Soma karatasi 30, andika makosa matano yanayojirudia, yape herufi, halafu kwenye karatasi zilizobaki unaweka herufi tu. Siku ya kurudisha, dakika 20 za kipindi mnayapitia na kila mtu anarekebisha lake. Si dawa ya yote, ila inazidi "jitahidi".

#14 Chaki na Vumbi

Hiyo naweza. Endelea.

#15 Kabati la Majalada

Nimekuwa nasoma tu, sasa ngoja nivunje ukimya. Nimeshakaa kwenye majopo ya kutembelea vyuo. Siwezi kusema wapi.

Wengi mnadhani tunakuja kutafuta kosa. Jopo ni wahadhiri kama nyinyi, wamesoma ripoti yenu kwenye safari, wamechoka. Tukikuta programu ambayo kila lengo limefikiwa miaka mitano mfululizo, tunatazamana. Tunajua. Tukikuta idara imeandika "hapa tulishindwa, tukabadilisha hivi, bado hatujaridhika", hapo ndipo mazungumzo yanapochangamka, na kwa uzoefu wangu idara kama hizo hazijutii.

Tunachopenda kuona ni kazi halisi za wanafunzi. Nzuri, za kati, mbovu, pamoja na jinsi zilivyosahihishwa. Jedwali la tiki naliangalia dakika moja. Halafu tunaomba kuongea na wanafunzi bila mwalimu kuwepo, na tunawauliza swali jepesi: kozi gani imebadilika tangu mlipoanza, na mnajua kwa nini? Mara nyingi chumba kinakuwa kimya.

#16 Mleta uzi

@Kabati la Majalada, ungekuja kwetu mara ya kwanza ungekutana na kimya hicho hicho. Nimalize ahadi yangu.

Baada ya ubishi wa saa mbili tulikubaliana maana moja ya kutafsiri, tukaiandika kwa lugha ambayo mwanafunzi anaielewa. Tukafuatilia mtaala nyuma, tukagundua kitu cha aibu. Kutafsiri kulikuwa na tiki kwenye kozi sita, lakini tulipofungua mitihani yenyewe, ni kozi moja tu iliyowahi kuuliza, ya mwaka wa mwisho. Kozi tano zilikuwa zinauliza "kokotoa". Wanafunzi hawakuwa wazembe. Walisoma kilichokuwa kinaulizwa, kama mtu yeyote mwenye akili angefanya.

Hatukugusa mtaala, maana kuugusa ni safari ya seneti na kurudi. Tulibadilisha maswali tu. Kwenye kozi mbili za mwaka wa pili, kila zoezi la wiki likamalizikia na sharti: andika sentensi tatu kwa mtu asiyejua takwimu. Hakuna alama, wanabadilishana na jirani, jirani anasema ameelewa nini. Zilikuja sentensi za ajabu mwanzoni. Mmoja aliandika "dhana tupu imekataliwa" (dhana tupu ni ile ya kuanzia, kwamba hakuna tofauti) akadhani amemaliza, jirani yake akamwuliza kwa upole, nani kaikataa?

Waliopitia hapo walipofika mwaka wa mwisho tulisahihisha ripoti zao kwa rubriki ile ile, tukachanganya na za miaka ya nyuma bila majina wala tarehe ili tusijipendelee. Kutafsiri kulipanda, tena wazi. Kuchagua kipimo sahihi hakukusogea hata kidogo, kwa hiyo hilo ndilo la zamu hii.

Jopo la pili lilipokuja nikaeleza yote hayo nikiwa nimejaa kifua. Mjumbe mmoja, kijana, akanisikiliza mpaka mwisho akauliza: "Mnajuaje si kwamba kundi hili lilikuja likiwa bora tangu mwanzo?"

Tulikuwa na alama zao za kuingilia, zilifanana na za waliotangulia. Nikamwonyesha. Akasema alama za kuingilia zinapima kukokotoa. Na kweli zinapima kukokotoa.

Kwa hiyo mwaka huu, wiki ya kwanza, tumewapa wapya jedwali moja la matokeo na ukurasa mtupu, waandike sentensi tatu. Tumeziweka kabatini, hatujasahihisha. Zitatoka siku watakapoleta ripoti zao za mwisho.

#17 Pepa Gumu

Sisi wa mwaka wa tatu ambao hatukupewa huo ukurasa tunaweza kuandika sasa, mwalimu?